Babu yake ana utani naye, wewe huna

Wiki hii mmeuliza mtu baki akimzoea mtoto wako kupita kiasi unafanyaje. Mi nina binti wa miaka minne, tunaishi Dar na daladala ndo usafiri wetu, kwa hiyo haya nayajua.

Kwanza mi sio wale wa mwanangu asiguswe. Gari imejaa, nimesimama nae, aliyekaa akisema lete nikupakatie nampa na nashukuru, mjini hapa bila watu baki huwezi kulea. Yule kaniuliza na mtoto namuona. Shida ni huyu anayevuta shavu, anabusu, anatoa pipi, na mimi mama mtu hata hajaniangalia.

Alipokuwa mchanga nilikuwa nasema samahani mama, ana mafua huyu atakuambukiza. Uongo, ila hakuna anayenuna, na kichanga kubusiwa na mtu mwenye malengelenge mdomoni sio mchezo, virusi vile mtu mzima vinamsumbua siku chache tu lakini mtoto wa wiki za mwanzo vinaweza kumuua. Sasa hivi siwezi tena maana mwenyewe anadakia "mama mi siumwi" 😂

Kinachonikera kuliko vyote ni haya ya mchumba. Muuza duka, bodaboda, konda, mtu mzima na ndevu zake, "njoo mchumba wangu", kamshika mkono hamwachii mpaka aitikie, ukisema unaambiwa aah dada utani tu. Utani una wenyewe jamani! Babu yake akimwita mke wangu na bibi akajifanya ana wivu wa mke mwenza tunacheka wote, babu na mjukuu ndo walivyo, na mtoto akikataa kwenda kwake babu anajinunisha kidogo yanaisha. We wa dukani utani na mwanangu umeutoa wapi? Na akishazoea kwamba kila mwanaume akimwita mchumba mama anacheka, akija mwenye nia mbaya atamjuaje? Kwa hiyo nasema palepale, sauti ya kawaida, bila matusi, "kaka muite jina lake, na mkono muachie", halafu namtazama tu. Wengi wanaachia huku wanajichekesha. Kuna mmoja akasema najifanya mzungu, sikumjibu, nikahamia duka la pili, mchele uko kila mahali.

Wamama wakubwa ndo wagumu kwa sababu ya heshima. Shikamoo binti anatoa, hapo hakuna mjadala, lakini kukumbatiwa na kupakatwa mpaka atake mwenyewe. Namwambia "bado hajakuzoea mama, mpe muda", huku najisogeza katikati yao. Na tumekubaliana akipewa kitu chochote aniletee kwanza, hata kama ni pipi moja.

Ila mtu ukishamkataza na bado anarudia, au anamvizia mtoto mkiwa hampo, huyo sio wa kueleweshwa tena, ni kwenda polisi dawati la jinsia na watoto, au kupiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ambayo ni bure. Namba nimeiandika ukutani jikoni na dada wa kazi nimemwelekeza yote haya, maana mchana yeye ndo anaenda nae dukani.