Kabla Hujachomoa Bamba la Springi

Kila anayeanza kupeleka pikapu kwenye mawe na makorongo hufikiwa na siku yake: gurudumu moja la nyuma linaning'inia hewani, linazunguka bure, na gari halisogei. Difu ya kawaida ndivyo ilivyo, nguvu huikimbilia tairi isiyo na mzigo. Dereva anashuka, anachungulia chini, anatoa hukumu: springi ngumu. Kesho yake anachomoa mabamba, yale mapande bapa ya chuma yaliyopangwa juu ya mwenzake kuunda springi ya nyuma.

Mimi nilichomoa matatu kila upande, kwa mpigo mmoja. Gari likakalia mkia, na nilipolirudisha kwenye korongo lilelile, gurudumu likaning'inia vilevile. Nililala chini na tochi ndipo nikaona aibu yangu. Shokapu, ile bomba inayotuliza mdundo wa springi, ilikuwa imenyooka hadi mwisho wake, ngumu kama nondo, na ndiyo iliyokuwa imeishikilia ekseli isishuke. Springi ilikuwa bado ina nafasi, haikupewa ruhusa tu. Wiki hiyohiyo kishikizo cha juu cha shokapu kikang'oka kwenye chesisi, kwa sababu uzito wote wa ekseli ulikuwa unakining'inia.

Kwa hiyo usianze na spana, anza na futi kamba. Pandisha gurudumu moja la nyuma kwenye rampu au jiwe imara, polepole, mpaka lile la pili linakaribia kuinuka. Vuta hendibreki, weka kabari kwenye magurudumu ya mbele. Upande ulioshuka, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, uandike. Shusha gari, fungua ncha za chini za shokapu zote mbili, rudia zoezi na upime tena. Hapo mtu akae kando akichunga paipu ya breki, maana sasa hakuna kinachoizuia ekseli isiinyooshe. Kama kipimo kimeongezeka sentimita saba, basi hizo saba zilikuwa zinaliwa na shokapu, na hata ungechomoa mabamba yote usingezipata. Na ukishapanda kwenye jiwe usiingize mwili chini ya gari. Chungulia kutoka pembeni.

Ukinunua shokapu ndefu, kumbuka urefu una pande mbili. Ikiwa imenyooka isiwe ndiyo kizuizi cha mwisho, na ikijikunja isifike chini kabla ekseli haijagusa raba ya kugotea. Wengi hupima upande wa kushuka tu, halafu wanashangaa shokapu mpya inavuja mafuta.

Kinachofuata ni sheko, yale mabapa mawili yanayobembea kwenye ncha ya nyuma ya springi. Springi ikikandamizwa hunyooka, na ikinyooka hurefuka, kwa hiyo inaisukuma sheko nyuma. Ikishuka, inaivuta mbele. Gari likiwa limesimama bila mwelekeo wowote wa kuzama au kuinuka, sheko iwe imeegemea nyuma kiasi cha nyuzi 45 hivi. Ikiwa imelala karibu na chesisi tayari, haina pa kwenda springi inapopanda. Ikiwa imeelekea mbele, kushuka kutakuwa kufupi, na siku mbaya inaweza kupinduka na kukwama. Sheko ndefu husaidia, lakini sentimita 5 za nyongeza huinua gari 2.5 tu, na shingo ya difu, pale propela (shafti inayoleta nguvu ya injini) inapofungwa, hutazama juu. Propela ikianza kutetemeka baada ya hapo usilaumu kroosi, kiungo chake cha kupindia. Weka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli, na upime pembe upya.

Bushi, zile pete za kwenye matundu ya ncha za springi, nazo hazipewi heshima yao. Ekseli inapoinama upande mmoja, springi haipindi tu, inajisokota, na bushi ndizo zinazoruhusu msokoto huo. Raba ya kawaida inakubali kujisokota kuliko plastiki ngumu zinazosifiwa sana kwa kudumu. Kosa nililolifanya mara mbili: kukaza bolti za bushi springi ikiwa inaning'inia. Raba hukamatwa ikiwa kwenye mkao huo, na gari likishuka inakaa imejisokota muda wote mpaka ichanike. Zikaze magurudumu yakiwa chini, gari limebeba uzito wake.

Sasa ndiyo tufike kwenye mabamba. Ugumu wa bamba hufuata unene wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene): bamba la milimita 10 ni gumu mara 8 kuliko la milimita 5 lenye urefu na upana uleule. Kwa hiyo mabamba mengi membamba hucheza vizuri kuliko machache manene, na kupunguza idadi kwa pupa ni kuhamishia mzigo wote kwa yaliyobaki. Urefu una nguvu ileile: springi iliyoongezwa asilimia 10 hulegea kwa karibu robo. La kutolewa kwanza ni lile nene na bapa la chini kabisa, lililowekwa kwa ajili ya mzigo, ikiwa hubebi mzigo. Vibanio vinavyofunga mabamba usiving'oe. Vilegeze tu, mabamba yaweze kuachana kidogo. Bila vibanio, springi ikishuka bamba kuu linabaki peke yake kuibeba ekseli, na ndilo linalokatika. Kati ya mabamba safisha kutu, weka vipande vya plastiki laini kwenye ncha. Grisi hapana, inakamata mchanga na kugeuka msasa.

Springi iliyolainishwa ina deni lake. Ukikanyaga mafuta kwenye mwinuko, ekseli hujizungusha na springi hujikunja kama herufi S, kisha gurudumu linarukaruka. Vitofali vya kuinulia gari vilivyowekwa kati ya springi na ekseli huongeza ubaya huo, ndiyo maana mimi sivitumii.

Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ukishazifungua usizirudishe, nyuzi zake zimeshavutika. Funga mpya, kaza kwa kukingamisha, na baada ya safari ya kwanza kwenye mashimo zirudie nati zote nane. Za kwangu zilikubali karibu robo mzunguko kila moja.