Jibu: Kwa nini Monera imetoweka vitabuni

Umeuliza kwa nini kitabu chako cha zamani kinawaweka bakteria katika himaya ya Monera, ilhali kipya kinataja domeni tatu, yaani makundi makubwa kuliko himaya. Kilichobadilika ni kipimo.

Mwaka 1969 mwanaikolojia Robert Whittaker aligawa viumbe katika himaya tano kwa kuangalia muundo wa seli na namna wanavyopata chakula. Seli isiyo na kiini ilitupwa Monera, basi. Lakini kukosa kiini hakuthibitishi undugu. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA ya ribosomu (sehemu ya seli inayotengeneza protini), wakakuta vijidudu vinavyotengeneza methani viko mbali na bakteria kama bakteria walivyo mbali na sisi. Hao ndio akea: lipidi (mafuta) za utando wa seli zao zina vifungo vya kemikali vya etha badala ya esta, na ukuta wao hauna peptidoglikani halisi, kijenzi cha ukuta wa bakteria. Domeni tatu, yaani bakteria, akea na viumbe wenye kiini, zilipendekezwa 1990.

Siku hizi kumtambua bakteria huanza na jeni ya 16S, inayobeba RNA hiyo ya ribosomu na yenye herufi za DNA kama 1,500. Mfanano wa jeni hiyo na ya spishi inayojulikana ukiwa chini ya 98.7%, kwa kawaida hiyo ni spishi nyingine. Ukizidi hapo usikimbilie kutoa jina. Linganisha jenomu nzima (DNA yote ya kiumbe), ambapo mpaka wa spishi ni wastani wa mfanano wa 95–96%. Kwa kipimo hicho Shigella, bakteria wa kuhara damu, ni Escherichia coli tu, bakteria wa utumbo! Jina la Shigella limebakizwa kwa sababu za kitabibu.

Majina bado yanahama: mwaka 2020 jenasi ya bakteria Lactobacillus ilizaa jenasi mpya 23, na kundi kubwa la bakteria Firmicutes sasa ni Bacillota. Unapotafuta makala, andika jina la zamani na jipya.