Mzigo Je?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mafundisho ya Confucius, mzee wa Uchina aliyefariki mwaka 479 kabla ya Kristo, yana lolote la kumfaa bosi wa leo. Mimi nitaanza na habari ya lori.

Miaka ya nyuma nilikuwa karani kwenye kampuni moja ya usafirishaji, nashika daftari la safari. Alfajiri moja utingo akanipigia simu: gari limelala Kitonga, breki zimekataa mteremkoni, dereva kabanwa mguu. Nikamuwahi bosi getini, hata hajashuka kwenye gari lake. Nikamwambia gari limelala. Akauliza, "Mzigo je?" Nikasema dereva kaumia. "Nimekuuliza mzigo." Ulikuwa mabati. Nakumbuka nimesimama pale na daftari mkononi nikiwaza kwamba bati likipinda linanyooshwa.

Baadaye sana ndipo nikakutana na kisa kilichomo katika Mazungumzo, kitabu cha maneno ya Confucius kilichokusanywa na wanafunzi wake na waliowafuata. Banda la farasi liliungua. Mzee aliporudi kutoka barazani kwa mtawala akauliza, kuna mtu aliyeumia? Hakuuliza habari za farasi. Basi, kisa kimekwisha, hakifiki hata mistari mitatu. Na farasi wa enzi zile msimfikirie kama punda wa kubebea maji. Ndiye aliyevuta magari ya vita na ya wakubwa. Kumpoteza mmoja ilikuwa hasara ya kukosesha mtu usingizi.

Kwa hiyo nasema ndiyo, yanafaa, ila yasomwe kuanzia juu. Niliwahi kukaa kwenye semina ya kazini ambapo mtoa mada alimleta Confucius kutufundisha utii: mdogo amheshimu mkubwa, kila mtu akae nafasi yake. Alikuwa amesoma nusu. Mtawala wa Qi, mojawapo ya dola za Uchina ya enzi zile, alipomuuliza Confucius habari za kutawala, alijibiwa: mtawala awe mtawala, waziri awe waziri, baba awe baba, mwana awe mwana. Angalieni nani katajwa kwanza. Mahali pengine anasema mkubwa akiwa mnyoofu mambo huenda bila amri, asipokuwa mnyoofu hata akiamuru hafuatwi. Hayo yabandikwe ofisini kwa mkurugenzi. Sisi wa chumba cha chai tunayajua tayari, tunayaona kila siku.

Atakayesema hayo ni ya vitabuni amtazame Shibusawa Eiichi wa Japani. Mtoto wa wakulima waliouza rangi ya nili, alizaliwa 1840, akakua akisoma Mazungumzo. Mwaka 1873 aliacha cheo wizara ya fedha akaenda kusimamia benki ya kwanza ya kisasa nchini mwake, na kabla ya kufa mwaka 1931 mkono wake ulikuwa umepita katika kampuni zipatazo 500. Alipenda kusema kwamba Mazungumzo na abakasi, ile fremu ya shanga ya kupigia hesabu, havitakiwi kuachana. Husimuliwa kwamba Iwasaki Yataro, mwanzilishi wa Mitsubishi, alimwita wale karamu, akamshawishi washike biashara wawili. Shibusawa akakataa, kwa sababu yeye alitaka mitaji ya watu wengi ichangwe na faida iwafikie wengi. Tangu 2024 sura yake iko kwenye noti ya yeni 10,000. Hakuwa malaika, lakini. Sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa viwandani ilipoanza kujadiliwa, mwanzoni aliipinga akidai wakati wake haujafika.

Mahali ninapoachana na Confucius ni kwenye kondoo. Mtawala mmoja alimsifia kijana mnyoofu wa kwao: baba yake aliiba kondoo, kijana akatoa ushahidi dhidi yake. Confucius akajibu kwamba kwao unyoofu uko tofauti, baba humsitiri mwana na mwana humsitiri baba. Nyumbani namwelewa kabisa. Lakini lete maneno hayo kwenye idara ya manunuzi, pale shemeji wa bosi anapoleta ankara ya matairi ambayo hayajawahi kuonekana yadi, uone kondoo wangapi watasitiriwa. Ni kweli pia alifundisha mtoto amwonye mzazi kwa upole anapokosea. Sijaona shemeji aliyeonywa kwa upole akarudisha hela.

Yule dereva alilazwa siku kumi na mbili. Bili tulichangishana, madereva na sisi wa ofisini, kwenye bahasha ya kaki iliyozungushwa na mama wa usafi. Siku ya tatu ofisi ilituma mtu hospitali. Alikwenda kuchukua funguo za gari.