Umeme haupelekewi kikapu

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi hapa Malindi, natengeneza mashine za kutafutia samaki zinazofungwa kwenye boti. Naandika maelezo ya kuchagua na kutumia kauri za piezo. Je, niseme "kauri" au "seramiki"? "Aktueta" nayo, yaani kifaa kinachosukuma kitu kikitiwa umeme? Nimeandika: "Kugandamizwa kwa kauri kunapelekea umeme, na umeme unapelekea kauri kurefuka."

JIBU: Marahaba. Sema kauri, ile ile ya sahani zilizopangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu, ingawa hiyo yako aghalabu ina madini ya risasi, zirkoni na titani. "Piezo" ni Kigiriki, kushinikiza. Jacques Curie na mdogo wake Pierre waligundua umeme huo wa kugandamiza Paris mwaka 1880. "Aktueta" iache. Ukipenda kuiita kisukumizi, mimi simo.

Lakini hiyo "kupelekea"! Kila siku naisikia redioni: mvua imepelekea mafuriko, ajali imepelekea vifo. Sasa imeingia hadi kwenye mashine za wavuvi.

Hapa kwetu Amu, yaani Lamu, ukimwambia mtoto, "Mpelekee shangazi yako mkate wa mofa," kila mmoja anajulikana. Mtoto ndiye mchukuzi, mkate ndio mzigo, shangazi anangoja mlangoni. Mkate ukifika mdogo, tunajua wa kuulizwa. Haya, "kugandamizwa kunapelekea umeme". Mchukuzi nani? Kugandamizwa, kumejitwika kikapu. Shangazi ni umeme. Kikapuni mna nini? Hata wewe hujui, na wewe ndiye fundi.

Tazama kiwashio cha jiko la gesi. Unabonyeza, springi inafyatuka, kinyundo kinagonga kauri, ta! Cheche. Betri hamna. Chaji zilikuwa humo humo ndani ya kauri. Pigo limezisogeza kidogo tu, zikajitokeza upande huu na huu, kwa volti maelfu. Hakuna aliyetumwa popote.

Na kauri hii ina njia mbili, kwenda na kurudi, ndiyo maana kitenzi kibovu kinaharibu zaidi. Andika: "Ukiigandamiza, hutoa umeme, ukiitia umeme, hurefuka." Basi. Hiyo -ki- imeshabeba sababu na tokeo, tena bila ujira. Ukitaka kitenzi kizito, "kusababisha" kipo, hakijafa.

Najua mtaniambia lugha hukua. "Njaa ilimpelekea kuiba" naivumilia, maana angalau pana mtu aliyesukumwa. Zaidi ya hapo siendi.

Neno "kurefuka" nalo lipe kipimo, msomaji asitazamie ngazi. Kauri zilizopangwa tabaka juu ya tabaka hurefuka kama sehemu moja kwa elfu: milimita 20 hukupa maikromita 20 hivi, pungufu ya unene wa unywele. Na pale ulipoandika "husukuma na kuvuta", futa "kuvuta" au eleza kwamba lazima ibanwe kwanza kwa springi, kwa sababu ikivutwa hupasuka.

Umeuliza pia kama "kauri laini" ni sawa, maana ukizigusa zote ni ngumu. Ni sawa. Ulaini huo ni wa kukubali umeme kirahisi: laini hufaa kusikiliza na kusogeza, ngumu hufaa kupiga mawimbi ya sauti kwa nguvu bila kupata moto sana. Andika hivyo hivyo, kwa mstari mmoja, kabla mteja hajaanza kuzibinya dukani.