Unaposoma katiba mpya ya jiji, tafuta kwanza kifungu cha kutokukubaliana

Jiji likitangaza kubadilisha katiba yake, swali la kwanza barazani huwa ni moja: meya atakuwa na nguvu kiasi gani? Swali zuri, ila mimi sianzii hapo. Naishi Portland, Oregon, na mwaka 2022 majirani wanaozungumza Kiswahili waliniomba tukae tuisome rasimu ya hapa kabla ya kura ya Novemba. Tangu wakati huo, rasimu yoyote nikiipata natafuta kwanza vifungu vinavyoeleza itakuwaje watu wasipokubaliana.

Tangu 1913 jiji hili liliongozwa na baraza la watu watano, meya akiwa mmojawapo. Wote walichaguliwa na jiji zima, na kila mmoja alikabidhiwa idara za kusimamia, awe anaijua kazi au haijui. Upande wa mashariki, ng'ambo ya Barabara ya 82, ambako wahamiaji wengi tumepanga, ulikuwa nadra sana kutoa mjumbe. Rasimu ilileta kata 4 zenye madiwani 3 kila moja, na mkurugenzi wa jiji wa kusimamia idara badala ya wanasiasa. Tume iliyoiandika ilikuwa na watu 20. Kwa kuwa 17 waliikubali na kura 15 zingetosha, ilikwenda moja kwa moja kwa wapiga kura bila kupitia baraza.

Sehemu iliyotuchukua muda mrefu ni hesabu ya kura. Mpiga kura anapanga wagombea hadi 6, kuanzia anayempenda zaidi. Diwani anashinda akipata robo ya kura na moja juu yake. Kwa nini robo? Kwa sababu nafasi ni 3, na hakuna namna watu wanne wakavuka robo kwa pamoja. Aliyevuka, ziada yake inahamia kwa chaguo linalofuata kwenye karatasi za waliomchagua. Ikiwa hakuna aliyevuka, wa mwisho anatolewa na kura zake zinahama vilevile. Maelezo haya hayakuingia mpaka tulipochukua vipande vya karatasi, tukajipigia kura na kuhesabu kwa mkono. Hapo mama mmoja aliyekuwa anahofia kumwangusha mgombea wake akaona mwenyewe kwamba kuandika chaguo la pili hakumpunguzii kitu wa kwanza. Fanyeni hivyo hivyo kwenu, tena mapema. Uchaguzi wa kwanza wa mfumo huu, Novemba 2024, ulikuwa na karibu wagombea 100 wa udiwani, na karibu mpiga kura mmoja kati ya watano aliacha sehemu hiyo wazi. Inaniuma, kwa sababu mfumo huu unalipa nguvu kundi ambalo halifiki nusu ya kata lakini limejipanga.

Sasa rudi kwenye kutokukubaliana. Hesabu viti: ni witiri au shufwa? Hapa ni 12. Rasimu ilimnyima meya kura ya turufu dhidi ya sheria za baraza, ikampa kura ya kuamua sheria inapogawanya baraza sawasawa. Januari 2025 baraza jipya lilikutana kuchagua rais wake, na kura zikalingana 6 kwa 6, duru baada ya duru, hadi diwani mmoja alipohama upande na Elana Pirtle-Guiney akapata kura 7. Kwa hiyo uliza: kura zikilingana, nani anaamua, na kwa mambo gani? Kiti kikibaki wazi, kinajazwa kwa uteuzi au uchaguzi, na ndani ya muda gani?

Mishahara na mipaka ya kata isiwe mikononi mwa wanaofaidika nayo. Hapa kila jambo lina tume yake huru, na ile ya mipaka ilikuwa na watu 13.

Jambo ambalo sikulipenda ni kwamba yote haya, kata, namna ya kupiga kura na mkurugenzi, yaliwekwa katika swali moja la ndiyo au hapana. Lilipita kwa asilimia 58 hivi, nami nilitaka lipite, lakini mtu aliyependa kata na kuukataa mfumo wa kura hakuwa na pa kusemea. Kwenu, wakati rasimu bado iko mezani, dai maswali yatenganishwe.

Na wewe ambaye hujapata uraia: usijiandikishe kupiga kura hata ukishawishiwa na nani, maana unaweza kufukuzwa nchini. Lakini kwenye vikao vya maoni ya umma unaruhusiwa kusimama na kusema, au kutuma maoni kwa maandishi. Omba mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla ya kikao, taja namba ya kifungu unachokizungumzia, na useme kinachokugusa hapo unapoishi.