Pikipiki ya stroki mbili iliyolala miaka 12

Ndugu, umesema pikipiki ya marehemu mzee imelala stoo miaka 12, na unataka kuipiga kiki kesho. Usiipige kwanza.

Fungua plagi, mimina oili kidogo kwenye tundu lake, iache usiku mzima. Kisha weka gia ya juu na uzungushe tairi la nyuma polepole kwa mkono. Ikigoma, usilazimishe, maana pete za pistoni zimeshika kutu. Ongeza oili, subiri tena.

Petroli ya zamani yote mwaga. Kabureta ifungue, na vitundu vya jeti (njia nyembamba za kupitisha petroli) vipulize kwa upepo. Waya wa chuma utavipanua, kisha utahangaika na mchanganyiko wa petroli na hewa hadi uchoke.

Sasa penye maumivu: sili za krenki, yaani mipira inayoziba hewa na oili kwenye ncha mbili za mhimili wa injini. Mpira wake hukauka kwa kukaa. Sili ya upande wa magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa plagi) ikivuja, injini huvuta hewa ya ziada, hupandisha kasi na kelele yenyewe na kupata moto kupita kiasi. Mimi nilifurahia yangu ilivyopandisha kasi, kumbe inaaga. Baada ya kilomita chache pistoni iling'ang'ania silinda. Sili ya upande wa klachi ikifa, utaona moshi mweupe mzito na oili ya giabox ikipungua. Badilisha zote mbili.

Kama haina pampu ya oili, changanya mwenyewe oili na petroli: kwa uwiano wa 1 kwa 25, ni mililita 40 za oili kwa lita ya petroli. Moto wa plagi ukiwa hafifu, safisha platini (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe moto) kabla ya kununua koili (kifaa kinachoongeza nguvu ya umeme wa plagi).