Wiki ya nne ndiyo ngumu: niliyojifunza kwa kumlea mbwa aliyegongwa na gari

Pole aliletwa kwangu akiwa juu ya mlango wa kabati. Vijana wawili wa bodaboda walimkuta alfajiri pembeni ya barabara ya Dodoma, hapa Kihonda, Morogoro, amegongwa na gari na kuachwa. Mtaani wanajua mimi huwawekea mbwa koko maji nje ya geti, basi wakamleta. Kila aliyepita siku ile alichungulia, akasema "pole", akaenda zake. Kufika jioni lilikuwa limeshakuwa jina lake.

Alikaa nami miezi minne kabla ya kupata watu wake. Tangu aondoke, nimeulizwa mara nyingi na wanaotaka kumchukua mbwa majeruhi, wamuuguze, kisha wamtafutie nyumba. Wengi huniuliza kuhusu siku ya kwanza: damu, vidonda, gharama. Siku ya kwanza ina mambo yake, nitayasema. Lakini kama kuna jambo moja ningependa ulishike, ni kwamba siku za hatari zaidi ni zile ambazo mbwa anaonekana amepona. Mimi niliponzwa nazo mara mbili, na mara zote aliyeumia ni yeye.

Nianze na kichaa cha mbwa, kwa sababu hapa hakuna nafasi ya kukosea. Mbwa aliyelala chini hawezi kuinuka, udenda unamtoka, anaweza kuwa amegongwa. Anaweza pia kuwa na kichaa cha mbwa, kwa kuwa ugonjwa huo si lazima uje na ukali na kukimbizana na watu. Upo unaokuja kwa kupooza, mbwa akawa mpole tu, taya limelegea, hawezi kumeza. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa hiyo usimshike kwa mikono mitupu, na usimtie vidole mdomoni hata kama unadhani amekabwa na mfupa. Vaa glavu, mfunike kwa blanketi au gunia, umsogeze taratibu juu ya kitu kilichonyooka, ubao au turubai linaloshikwa pembe nne, ili mgongo usipinde. Akikung'ata, au mate yake yakigusa mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaeleze. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ya kabla ya hapo ndiyo inayookoa. Wale vijana wawili walikuwa wamembeba bila glavu. Niliwaosha mikono kwenye bomba la uani huku wananiona nakuza mambo, nikawalipia nauli waende hospitali. Ningefanya hivyohivyo leo.

Sisi wa Morogoro tuna bahati ya kuwa na hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA. Ulipo hakuna hospitali kama hiyo, anza kwa afisa mifugo wa kata, yeye anajua daktari wa mifugo aliye karibu. Picha ya eksirei ya Pole ilionyesha mfupa wa nyonga umevunjika sehemu mbili. Nilijua nitaambiwa ama upasuaji ama sindano ya kumaliza mateso. Daktari akasema hapana. Nyonga imezungukwa na misuli minene inayoishikilia, na mivunjiko mingi ya pale huunga yenyewe mradi mbwa asitembetembee wiki sita hadi nane. Alichotaka kujua kwanza ni kama amekojoa. Kibofu kinaweza kupasuka mbwa anapogongwa, au mishipa ya fahamu ikaumia asiweze kukojoa, na mbwa asiyekojoa kwa siku nzima yuko hatarini kuliko aliyevunjika mguu. Basi siku zile mbili za mwanzo nililala sebuleni nikisubiri kusikia unyevu kwenye gunia lake. Alipokojoa saa kumi usiku, nilifurahi kiasi cha kumpigia simu dada yangu Dodoma nikamwamsha.

Kizimba nilikitengeneza kwa mapaleti manne ya mbao niliyoyaomba kwa fundi jirani. Kilitosha asimame na kugeuka, basi. Watu walioniona walisema namtesa, namfunga mbwa kama kuku wa mnadani. Lakini kwa mfupa unaounga, nafasi kubwa ndiyo mateso. Chini nilitandika godoro kuukuu lililovishwa nailoni, juu yake magunia safi ya kubadilisha. Kila baada ya saa nne nilimgeuza ubavu, kwa kuwa mbwa anayelala upande mmoja siku nzima huota vidonda kwenye mifupa ya nyonga na mabega, na vidonda hivyo huchelewa kupona kuliko jeraha lenyewe. Kumtoa nje kujisaidia tulitumia kanga: unaikunja iwe mkanda mpana, unaipitisha chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, unashika ncha mbili juu ya mgongo na kubeba uzito wake huku yeye anatembea kwa miguu ya mbele. Hakuna kifaa cha dukani kilichonisaidia kuliko ile kanga.

Kidonda cha pajani nilikiosha kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Spiriti huunguza nyama inayojaribu kuota, iache. Mbwa akianza kukilamba, mzuie. Mimi nilikata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, nikafunika makali kwa kitambaa, nikamvalisha shingoni. Kidonda kinachotoa harufu ghafla, au chenye mabuu, hakingoji kesho.

Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika. Nilitamani kumshibisha siku moja. Mbwa aliyekaa na njaa muda mrefu akishindiliwa chakula kingi ghafla, chumvichumvi za damu yake huvurugika na anaweza kufa wakati wewe unadhani unamtendea wema. Nilimpa kidogokidogo mara nne kwa siku: ugali laini, dagaa waliolowekwa wakatoka chumvi, yai la kuchemsha, siku mojamoja maini. Vitunguu na mifupa ya kuku iliyopikwa havikumgusa.

Na dawa za binadamu, tafadhali. Muuzaji wa duka moja la dawa alinishauri nimpe nusu kidonge cha diklofenaki kwa maumivu. Alisema kwa nia njema, na ningeweza kumsikiliza, maana Pole alikuwa analia usiku. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake hata kwa kiasi ambacho sisi hakitudhuru. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Dozi yake hupimwa kwa kilo, kwa hiyo ajue uzito wake daktari, usikisie wewe.

Majirani wanastahili kuzungumzwa nao mapema, siku ileile kama inawezekana. Ukuta wangu na wa bibi jirani ni mmoja. Nilimwendea jioni, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza. Akaniambia, "Marahaba, mjukuu wangu. Sikukatazi, lakini nguo zangu za kuswalia ziko kwenye kamba hapo. Mate ya mbwa unajua mwenyewe." Ana haki. Nilihamishia kizimba upande wa pili wa nyumba, nikatenga sufuria, ndoo na matambara ya Pole peke yake, na kila nilipomaliza kumhudumia nilibadilisha shati kabla ya kwenda kwa bibi. Baada ya wiki mbili hivi alinisimulia kisa cha yule mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake amnyweshe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Toka siku hiyo ukoko wa wali ukawa unapitishwa juu ya ukuta kwenye kifuko. Mtaani kwetu watu wengi hawachukii mbwa; wanachokichukia ni kudharauliwa.

Sasa wiki ya nne. Maumivu yalikuwa yameisha, kidonda kimefunga, manyoya yanang'aa, na kilo zimetoka 11 hadi 14. Alikuwa anasimama mwenyewe na kutikisa mkia mpaka paleti linagonga ukuta. Asubuhi moja nikaona nimwonee huruma, nikaacha mlango wa kizimba wazi nikiwa naosha vyombo. Mbuzi wakapita getini. Pole aliruka. Sikusikia mlio wa mfupa wala nini, nilisikia tu kilio kimoja kirefu, nikamkuta ameketi katikati ya njia haelewi kilichompata. Picha mpya ilionyesha mfupa uliokuwa unaanza kushikana umesogea tena kidogo. Tulirudi nyuma wiki tatu nzima. Mfupa mchanga haujui kwamba mbwa amefurahi. Basi subiri picha ya mwisho na neno la daktari. Baada ya hapo anza kwa dakika tano kwenye kamba fupi, mara tatu kwa siku, ardhi tambarare, na uongeze dakika chache kila wiki. Kuchechemea kukiongezeka jioni, kesho yake punguza.

Wakati amefungiwa, kichwa chake nacho kilihitaji kazi. Mbwa wa mitaa yetu akikuona umeinama tu, anakimbia, kwa sababu anayeinama anaokota jiwe. Pole hakuweza kukimbia, kwa hiyo alifumba macho na kutetemeka. Kila siku niliinama mara kumi mbele ya kizimba, nikaokota dagaa mmoja niliyekuwa nimemweka chini, nikampa. Wiki ya kwanza hakuwala mpaka niondoke. Wiki ya tatu nikiinama anasogea. Baadaye nikawaomba watoto wa jirani wafanye vilevile, mmoja mmoja, bila kelele, nami nimesimama karibu. Watoto hao ndio waliokuja kuwazuia wenzao wasitupe mawe.

Kosa langu la pili lilikuwa la kumtoa. Mwezi wa tatu alikuja baba mmoja anayetafuta mbwa wa ulinzi. Nilikuwa nimechoka, fedha zimeisha, na Pole alionekana mzima. Nikampa. Siku ya tatu nikapita kumsalimia: mnyororo wa hatua mbili, bakuli la maji limepinduka pasipofikika, nyonga imekakamaa kwa kulala kwenye saruji. Yule baba hakunidanganya. Mwanzoni kabisa aliniambia mbwa wake hufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Mimi ndiye niliyesikia nilichotaka kusikia. Nilimwomba radhi, nikamrudisha Pole nyumbani kwa bajaji.

Tangu hapo sitoi jibu siku mtu anapokuja. Nauliza atalala wapi mvua ikinyesha, nani atamlisha wenye nyumba wakisafiri, nani nyumbani hamtaki, na mbwa wao wa mwisho alikufaje. Hilo la mwisho linasema mengi. Nawaambia ukweli wote: kwamba atachechemea kidogo maisha yake yote, kwamba baridi ya Juni na Julai itamkaza nyonga, kwamba hatakuwa mbwa wa kurukia wezi ingawa anabweka vizuri. Anayekasirika kusikia hayo amenisaidia.

Kabla hajaondoka alikuwa amechanjwa kichaa cha mbwa, na kadi yake ya chanjo ikatangulia, maana chanjo hiyo hurudiwa na mwenyeji mpya lazima ajue tarehe. Alikuwa amefungwa kizazi pia. Kwa jike aliyevunjika nyonga hili ni la uhai wake: mfupa ukiunga vibaya njia ya uzazi hubanwa, na mimba inaweza kumuua. Usimkabidhi kwa ahadi kwamba atafungwa baadaye.

Mama aliyemchukua anafuga kuku Mkundi, ana uzio. Alikuja Jumamosi tatu mfululizo kabla sijasema ndiyo. Ya kwanza alikaa tu kwenye kigoda, hakumwita. Ya pili alileta kanga yake aliyoilalia, akaiacha kizimbani ili harufu izoeleke. Ya tatu tulitembea wote hadi mwisho wa mtaa, kamba akaishika yeye. Tuliandika karatasi fupi mbele ya mjumbe wa shina: wiki mbili za majaribio, na kwamba akishindwa wakati wowote, hata baada ya miaka, Pole anarudi kwangu, hatupwi wala hagawiwi. Nilipiga simu kila jioni wiki ya kwanza. Siku mbili hakula. Siku ya tatu alikula usiku, mama akiwa ameketi karibu ameinamia simu yake.

Nilikwenda kumwona mwezi uliofuata. Alinikimbilia, akaninusa mikono na magoti, akalia kidogo. Kisha kuku mmoja akatoka nje ya banda, naye akaniacha akaenda kumrudisha, akichechemea kwa mwendo wake uleule.

Fundi ameniuliza kama yale mapaleti anaweza kuyachukua. Nimemwambia asubiri kwanza. Nimeyaosha kwa sabuni na dawa ya madoa, nimeyaanika juani, sasa yameegemea ukuta nyuma ya jiko.